Kikapu cha Mwalimu Vilém

Watu wa mji wetu watakuambia ukweli kuhusu umri wao, vidonda vyao vya tumbo, hata ugomvi wa ndoa zao. Lakini waulize uyoga wameutoa wapi, watakutazama usoni na kudanganya bila kupepesa jicho. Ukimkuta mtu anatoka msituni upande wa kaskazini, ujue ameokota kusini. Akikuambia mwaka huu hakuna kitu, kumekauka, ujue kikapu amekifunika kwa majani na mgongo unamuuma kwa kuinama. Mama yangu alikuwa hivyo na mimi niko hivyo. Mahali pangu ni bonde dogo lenye misonobari mizee, chini ya kibanda cha zamani cha wachoma mkaa. Mama alinionyesha mwaka ule aliofariki, na sikumwambia hata mume wangu. Aliingia kaburini akidhani naokota ng'ambo ya mto.

Nayasema haya mapema ili mnielewe. Wale jamaa wa polisi wa siri walionijia Agosti ile, miaka ya sabini inaelekea ukingoni, walikuwa na magari, redio, ramani na mishahara minono. Na katika vitu vyote vilivyoko duniani, wakaamua kuficha kidude chao ndani ya kikapu cha uyoga.

Mimi ni msuka vikapu. Karakana yangu iko chini ya nyumba, mlango unafunguka barabarani. Siku hiyo aliingia kijana mmoja wa miaka thelathini na kitu, viatu havijawahi kuonja tope, akasema anaitwa Bwana Vacek. Alishika kikapu kimoja, akakigeuza, akakisifia. Kisha akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwenye kitambaa, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia kilichotumika nusu, na waya mwembamba umening'inia.

"Mama, unaweza kusuka kikapu chenye sakafu mbili, hiki kikakaa katikati? Na huu waya ufuate ukingo wote, usionekane?"

"Naweza. Cha nani?"

"Cha jirani yako wa juu. Koutek. Si amekuletea kikapu chake juzi, kimetoboka?"

Kikapu kilichotoboka kilikuwa kimetundikwa nyuma yangu, na hakuna mtu niliyemwambia ni cha nani.

Vilém Koutek tulimwita Mwalimu, na tulizidi kumwita hivyo hata baada ya kufukuzwa shule. Alifundisha historia miaka ishirini, nusu ya mji ilipita mikononi mwake, binti yangu Květa akiwemo. Halafu akatia saini barua ya kuilaumu serikali, ambayo watu wenye akili zao hawakuitia saini. Akaambiwa aifute saini yake, akakataa, na tangu hapo kazi yake ikawa kutupia makaa kwenye tanuri la bafu la mji, yeye na mapafu yake mabovu. Jumamosi alikwenda msituni. Na katika mji wetu zilikuwa zinapita karatasi, nyembamba kama ganda la kitunguu, zimechapwa kwa taipureta, zenye habari ambazo magazeti hayakuwa nazo. Mtu alizichapa. Nyumba ya Mwalimu ilikuwa imepekuliwa mara mbili, wakaambulia uyoga mkavu.

"Nimemtuma mtu amfuate msituni mara tatu," Vacek akasema. "Mara tatu amempoteza. Sasa kikapu ndicho kitakachomfuata."

"Na nikikataa?"

Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. "Květa ameomba kusomea udaktari wa mifugo, chuoni Brno. Amenyimwa, amekata rufaa. Ana alama nzuri sana yule mtoto. Rufaa iko mezani, mama, na meza zetu zina karatasi nyingi. Kitu kinaweza kuanguka nyuma ya meza, kikasahaulika."

Nilisuka. Sitaki kujipamba hapa. Nilikaa siku tatu nikisuka, na kibaya zaidi ni kwamba mikono yangu haijui kufanya kazi mbovu. Sakafu ya juu ilibana vizuri, waya ulipotea kabisa kwenye ukingo, na nilipomaliza nilijikuta nakitazama kwa raha kabla aibu haijanishika.

Mwalimu alipokuja kuchukua cha zamani nilimwambia, "Kile kimekufa. Chukua hiki."

"Mama Květa! Hiki si cha kuingia nacho msituni, hiki cha harusi. Watu watasema nimeoa."

"Nani atakubali kuolewa nawe, na masizi hayo? Lete mtungi wa asali, yaishe."

Alikipima mkononi. "Kizito kidogo."

"Fito za mwaka huu zina maji," nikasema. Ulitoka mdomoni wenyewe, uongo ule, laini kama wa uyoga.

Zikapita Jumamosi nne. Alhamisi iliyofuata Vacek akarudi na ramani, akaitandika juu ya benchi langu la kazi. Juu yake kulikuwa na mistari ya penseli iliyovurugika kama uzi wa sufu uliochezewa na paka.

"Nataka nikuulize kama mwenyeji," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyebeba siri kubwa. "Huyu Koutek wako si mwalimu tu. Huyu amefunzwa. Tazama. Anatokea kwenye kinu cha unga, anakwenda kaskazini, anarudi. Anavuka kijito mara mbili. Hapa kuna jiwe kubwa, analizunguka mara tatu. Wenzangu makao makuu wanasema hii ni mbinu ya kijasusi, tena ya hali ya juu. Nani kamfundisha?"

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka mpaka nikashika benchi.

"Bwana, kwani wewe mtu wa wapi?"

"Prague."

"Mama yako haendi msituni?"

"Tunanunua sokoni."

"Ah! Pole." Na nilimwonea huruma ya kweli. "Sikiliza. Hiyo unayoiita mbinu ndiyo njia ya kila mtu hapa. Kuna Bi Růžena wa posta, anafuata watu tangu vita viishe, ajue wanaokota wapi. Mwalimu anampiga chenga Bi Růžena. Hata mimi nalizunguka jiwe hilo. Kasisi naye analizunguka."

Vacek aliitazama ramani, kisha mimi. Masikio yalianza kumwiva. Nadhani alikuwa amekwisha kuandika ripoti ya kurasa nyingi.

"Sawa. Na hapa je?" Akaweka kidole. "Kila Jumamosi, baada ya mizunguko yote, anafika hapa na anatulia. Saa mbili, siku nyingine saa tatu. Hasogei. Kidude hakiwezi kutuambia ni mti upi, kinatupa mduara tu, wa hatua kama mia tatu. Kuna nini humo?"

Niliinama kutazama, na damu ikanipanda kichwani. Mduara ule wa penseli ulikuwa umekaa juu ya bonde langu.

Nitasema nilichohisi, hata kama kinanishusha. Sikumhurumia Mwalimu. Niliwaka. Mwizi! Mtu nimempa kikapu, nimemlelea vitunguu vyake dirishani alipolazwa hospitali, kumbe kila Jumamosi yumo bondeni mwa mama yangu! Mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka.

Halafu nikakumbuka kwamba Jumanne nilikuwa huko. Uyoga ule mkubwa, wenye kofia ya kahawia na shina nene, ulikuwa umesimama wote, hata ule ambao mtu wa miwani angeuona akiwa hatua kumi. Hakuna uliokatwa. Mtu anakaa saa tatu mahali pale, na kikapu mkononi, na hagusi hata mmoja?

Hapo nikamkumbuka kigong'ota. Mwaka uliotangulia mvua ilinikuta bondeni, nikajibanza chini ya msonobari, na juu kwenye kibanda cha wachoma mkaa nikasikia kigong'ota anagonga. Aligonga, akagonga, kikalia kikengele kidogo, akaanza upya. Nikajiambia ni kigong'ota. Nilijua, na nilijiambia hivyo hivyo, nikaenda zangu nyumbani, kwa sababu mambo mengine ukiyajua yanakudai kitu.

Kibanda kilikuwa ndani ya mduara. Bonde langu nalo lilikuwa ndani ya mduara. Na kidole cha Vacek kilikuwa juu ya vyote viwili, kikisubiri nikiambie kisogee wapi. Kwa kosa la kuchapa karatasi zile mtu alifungwa miaka mitatu, minne, na kwa mapafu yale asingemaliza miwili.

"Uyoga," nikasema.

"Saa tatu?"

"Hapo hauokotwi kwa kusimama, bwana. Unatambaa. Unapekua chini ya kila jani."

"Nionyeshe."

"Nini?"

"Kama ni uyoga, nitauona. Kesho asubuhi, Koutek akiwa kwenye tanuri. Unipeleke."

Niliwaza usiku kucha kumgongea Mwalimu mlango. Lakini angekwenda mbio kuhamisha taipureta, na kikapu mkononi, kwa sababu hakuna mtu wa kwetu anayeingia msituni mwezi wa Septemba bila kikapu. Na ningelazimika kumwambia kilichomo ndani yake. Nitakuwa mkweli: hilo la pili lilinitisha kuliko la kwanza.

Asubuhi nilimpitisha Vacek chini, kando ya kijito, ili bega la kilima likifiche kibanda. Sikuzunguka. Kwa mara ya kwanza maishani nilikwenda mahali pa mama yangu moja kwa moja, jua limewaka, na mtu nyuma yangu anahema. Nilijihisi kama navuliwa nguo barabarani.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Tulipoyapenya matawi ya mwisho uyoga ulikuwa umejaa, mmoja mmoja na makundi makundi, umenenepa, umetulia kwenye kigoga cha kijani kilichotanda ardhini.

"Yesu na Maria!" Vacek akasema, na akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya ofisini.

Sikutegemea hilo. Mtu mzima aligeuka mtoto. Alivua koti, akaifunga mikono ya koti fundo, akaanza kulijaza. "Huu unalika? Na huu? Mama, tazama huu!" Nilimfundisha kukata kwa kisu, asing'oe, ili mwakani uote tena. Nilijisikia namfundisha mwizi kufungua kabati langu taratibu asivunje kitasa.

Alipojaza koti alisimama kunyoosha mgongo. Akatazama mlimani. Kutoka pale aliposimama ncha ya paa la kibanda ilionekana, nyeusi kati ya miti.

"Na huko juu kuna nini?"

"Kibanda kimeangukiana. Walichoma mkaa zamani."

"Kuna uyoga?"

"Uyoga hauipendi ardhi ya majivu," nikasema. Bado alikuwa anatazama, na mguu mmoja umekwisha kupanda. Hapo nikampa wa mwisho, ule niliokuwa nimeuona tangu tunaingia nikauziba kwa mwili wangu, mkubwa kama mkate, hauna hata funza. "Lakini wewe bwana macho yako yana nini? Umeuruka mfalme wao. Pale kushoto, chini ya gogo lililolala."

Akageuka kushoto.

Faili la Koutek likafungwa, au angalau likawekwa chini ya mafaili mengine. Mwokota uyoga tu. Niliambiwa nikichukue kikapu kwa Mwalimu kwa kisingizio cha kukaza mpini wake, nikafumua sakafu, nikatoa kidude na waya, nikasuka tena. Květa alipata nafasi Brno. Kama ni kwa alama zake au kwa kikapu, sikuwahi kujua, na yeye anaamini ni alama. Mwacheni aamini.

Na karatasi nyembamba zikaendelea kupita mjini. Nilipopata moja niliisoma jikoni, nikalia machozi.

Msimu uliofuata Vacek akarudi, safari hii kama mtu binafsi. Alikuja na gari, mke, shemeji na ndoo. Jumapili iliyofuata shemeji akaja na jamaa zake, na mmoja wao alibeba reki. Reki, jamani! Walikwangua kile kigoga chote wakakiacha kimepinduka, mizizi ya uyoga juu. Mahali pakishakwanguliwa hivyo, hesabu umekosa miaka mingi. Mkesha wa Krismasi nilipika shayiri yetu kwa uyoga wa kununua dukani. Květa alikuja likizo, akala, akasema imekosa kitu, nikamwambia umekuwa mtu wa mjini wewe.

Lakini nimetangulia. Kabla ya Krismasi hiyo, mwezi wa Oktoba, Mwalimu alisimama mlangoni pa karakana, kofia mkononi.

"Mama Květa, kuna watu wa mjini bondeni kwako."

"Bondeni kwangu wapi? Mimi naokota ng'ambo ya mto," nikasema kwa mazoea.

"Acha basi. Nimepita juu ya bonde lile miaka minne. Sijakata hata mmoja. Nilijua ni la mama yako, alinifukuza hapo na fimbo nikiwa na miaka tisa. Na visiki vya uyoga ni vyako, wewe unakata mshazari." Alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Wamepaharibu. Sijui nani amewaonyesha. Mtu anayemwonyesha mgeni mahali pa mwenzake, huyo hana haya."

Niliinamia fito zangu. Sikuweza kumtazama.

"Jumamosi njoo na mimi," akasema. "Nitakuonyesha kwangu."

Sijui kama mnaelewa maneno hayo yana uzito gani kwetu. Mke haonyeshwi na mume. Kuna wazee wamekufa na mahali pao, na watoto wao wakabaki wanatangatanga msituni kila mwaka wakitafuta. Na mtu huyu alitaka kunipa pake, mimi, kwa sababu aliniona nimeibiwa.

Jumamosi tulipita kinu, tukafika njia panda. Kushoto ni njia fupi inayopanda moja kwa moja. Kulia ni njia ya kaskazini, ile tunayoishika sote tukitaka kumdanganya Bi Růžena. Mwalimu akashika kushoto bila hata kufikiri. Hapo miguu yangu ikagoma.

"Mwalimu, simama. Usinionyeshe kitu kabla sijasema."

Nikasema. Nilianza na sabuni ile yenye waya nikaishia na gogo lililolala. Hakunikatiza. Kikapu chenyewe kilikuwa mkononi mwake, kile kile. Alikiweka chini, akakipindua, akapitisha kidole sakafuni.

"Hapa?"

"Hapo. Sasa ni patupu."

"Kwa hiyo nilikuwa nawabeba mwenyewe. Na asali nikakulipa."

"Ndiyo."

"Wakaona nakaa pale."

"Nikasema ni uyoga. Wakataka kuuona."

Alingoja jibu lijitokeze, kama alivyokuwa akingoja darasani. Nililiona linamfikia usoni pole pole.

"Ukawapa bonde la mama yako," akasema.

"Nikawapa."

Aliokota kikapu. Aliitazama njia ya kushoto, akaitazama ya kulia. Kisha akanipa kisogo, akashika kulia, ya kaskazini, njia ya waongo.

Nikamfuata. Sikujua kama nafuatana naye au nafukuzwa. Tulikwenda kaskazini, tukarudi. Tukavuka kijito, maji yakaingia kiatuni, tukavuka tena. Tulifika kwenye jiwe kubwa, tukalizunguka. Tukalizunguka tena. Nyuma yetu hapakuwa na mtu, Bi Růžena alikuwa amelazwa na nyonga yake, na safari ninayoijua sasa kuwa ya nusu saa tulikuwa tumeitembea saa mbili. Goti langu liliwaka moto. Yeye naye alikuwa anahema vibaya, lakini hakupunguza mwendo, na mimi sikufungua mdomo. Nilikuwa nalipa, na bei niliiona ni ndogo.

Mzunguko wa tatu alisimama, bila kugeuka.

"Goti linauma?"

"Linauma."

"Vizuri."

Akatembea hatua kama arobaini, akainamisha tawi la msonobari, akalishikilia ili nipite chini yake.

"Ni hapa," akasema, akaninyooshea kikapu. "Anza wewe."